Kisu Kilichonirudisha Butiama

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mara nimejibu nusu. Nikianza kusimulia mnacheka kabla sijafika mbali, na mimi nikichekwa maneno yanakauka. Mmoja wenu amesikia nilikamatwa njiani kwa wizi wa ng'ombe. Mwingine amesikia nilipigana na mhunzi. Hayo yote si kweli, ingawa la ng'ombe lilikaribia. Basi nimeamua kuandika. Naandika polepole, na ninyi msome polepole.

Nyasho, kabla ya kuondoka

Mnajua mama alikuwa amehamia kijiji kipya cha ujamaa huko karibu na Guta, mimi nikabaki Nyasho kwa mjomba. Mama alikuwa anaishi peke yake kwenye nyumba ambayo udongo wake ulikuwa haujakauka. Kule kila mtu mzima ana kazi yake, na mama alikuwa ameniombea kazi ya kuchuna ng'ombe, kwa sababu nilijifunza kidogo pale machinjioni. Msimamizi wa kazi hiyo, Mzee Mafuru, alituma jibu kwa mdomo. Nifike Ijumaa, nichune ng'ombe mmoja mbele yake, na nije na kisu changu mwenyewe, maana mchunaji wa kuazima kisu yeye hamtaki. Ngozi ikitoka nzima, nakaa na mama. Ikitoka na matundu, nafasi anapewa kijana mwingine, na mimi narudi kubeba magunia sokoni.

Kisu changu sikuwa nacho. Mjomba akanipeleka dukani.

Palikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini wa kung'aa, nacho nilikipenda mara moja. Mjomba akakifungua na kukifunga karibu na sikio lake, kama mtu anayesikiliza saa.

"Hiki ni cha kumenyea machungwa," akasema. "Damu na mafuta vikiingia hapa kwenye kiungo, utavitoa na nini? Na siku kikijikunja umekibana, kitakula vidole vyako."

"Hicho kimetoka ng'ambo, bwana," mwenye duka akasema.

"Basi kikunje kirudi."

Kingine kilikuwa kisu kirefu cha jikoni. Mjomba akakishika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa mkono mwingine, akatikisa. Kilicheza kama jino la mtoto. Akakirudisha, na tulipotoka nje ndipo akaniambia.

"Masatu, wewe unataka kisu kifupi. Chuma kiwe kimoja kutoka nchani mpaka mwisho wa mpini, kisikunjwe, kikae kwenye ala kiunoni. Uchunie, ukatie kamba, upasulie samaki, umenyee muhogo. Kisu kimoja kwa kazi zote, na mkono unakizoea. Cha namna hiyo hakipo dukani. Nenda Butiama kwa Mzee Wandiba, mhunzi."

Akanipa kipande cha springi ya lori kutoka karakana anakofanya kazi, nikakifunga kwenye gunia.

Jambo moja ninyi mnalijua, lakini huenda karatasi hii ikasomwa na asiyenijua. Mimi ni wa kushoto. Kula, kusalimia na kupokea natumia kulia, kwa sababu bibi alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa mpaka nikashika adabu. Kazi ndiyo iliyokataa kufundishwa. Jembe, nyundo na kisu vinakwenda kushoto vyenyewe.

Lori la mabati

Jumatatu asubuhi nilipanda lori lililobeba mabati ya shule. Dereva, mtu mnene aliyeitwa Marwa, aliligonga gunia langu kwa mguu.

"Hiki kizito hivi ni nini? Bunduki?"

Nikasema ni chuma. Akasema bunduki nayo ni chuma, akaangua kicheko, akapanda kwenye usukani.

Tulikwenda vizuri mpaka tukawakuta watu wamejaa barabarani na majembe na makarai. Walikuwa wanajaza mahali palipokatwa na mvua, na hapakuwa na njia ya kupita. Mwenyekiti wao akaja dirishani.

"Ndugu dereva, abiria wako washuke wajenge taifa kidogo, ndipo mpite."

"Mimi nimebeba mabati ya taifa hilohilo," Marwa akasema.

"Basi yatasubiri hapa kwenye jua."

Tukashuka wote. Nilipewa jembe, nikaanza kuchimba kifusi pembeni mwa mama mmoja mwenye kilemba cha njano. Hatukukaa sana akaruka nyuma.

"We kaka! Unalimia upande gani? Watu wote majembe yanaenda huku, lako linakuja kwenye goti langu!"

"Samahani, mama. Mimi ni wa kushoto."

"Usiniombe samahani, hamia ng'ambo ile!"

Nikahamia mwisho wa mstari. Jua lilipokuwa kali walituletea viazi vitamu vya kuchemsha na maziwa ya mgando, tukala tumekaa juu ya makarai yaliyopinduliwa. Marwa alikula kuliko wote, na yeye alikuwa hajashika jembe. Tulipofika Butiama jua lilikuwa linazama nyuma ya mawe makubwa ya pale, na mabega yangu yalikuwa yanawaka.

Butiama, kwa Mzee Wandiba

Mzee Wandiba ni mfupi, ana nywele nyeupe za kifuani zilizoungua hapa na pale kwa cheche. Alikigonga kipande changu cha springi kwa nyundo, akakiinamia kusikiliza mlio wake, akasema kinafaa.

Usiku ule mkewe, Mama Sabina, alileta ugali wa mtama na muhogo, na furu waliokaushwa wakapikwa na nyanya. Mnawajua furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na mnajua ninavyowapenda. Lakini nilikuwa mgeni, na nimefundishwa kutovamia chakula cha watu. Nilikula matonge machache, nikasema nimeshiba, nikisubiri ashinikize kama kwetu wanavyofanya. Mama Sabina aliniamini. Alichukua bakuli, akalifunika, akaondoka nalo. Nililala nikilisikia tumbo langu likizungumza.

Asubuhi nikaambiwa sheria ya pale: aliyeleta chuma ndiye anayevuta mivuba. Nilivuta mivuba na njaa yangu, moto ukapanda, na mzee akaanza kugonga. Kabla hajafika mbali alitandika visu vitatu juu ya ngozi ili nichague umbo.

"Huyu mrefu ni wa kuchinjia. Ukichunia, ncha inafika mahali ambapo macho yako hayajafika. Huyu mwembamba ni wa samaki, kwenye mfupa wa ng'ombe atalia. Haya, shika huyu wa tatu. Weka kidole cha shahada juu ya mgongo wake."

Nikaweka. Kidole kilikaribia ncha.

"Umeona? Kidole kikifika pale, wewe unaiongoza ncha. Kisipofika, ncha inakuongoza wewe."

Nikachagua umbo lile la tatu, fupi, lenye tumbo lililopinda kidogo na mgongo mnene. Chuma chake kinapita ndani ya mpini wote mpaka mwisho, na mpini unajaza kiganja bila kuzidi.

Mchana bapa lilikuwa tayari, bado kunolewa. Mzee akaliweka juu ya jiwe, maana mnajua kwetu kisu hakitolewi mkono kwa mkono. Anayekupa anakiweka chini, wewe unaokota.

"Okota," akasema, akanikazia macho.

Nikaokota kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeugusisha kwenye kiwiko, kama inavyotakiwa mbele ya mzee. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Akachukua tupa, akanoa upande mmoja tu wa kisu, ule mwingine akauacha umenyooka. Kwenye mpini akachonga kijibonde cha kukalia kidole gumba. Ala ya ngozi akaishona ikae kiuno cha kulia. Akaniambia nijaribu, nikanyoa vinyweleo vya mkono wangu wa kushoto. Vilidondoka vyote. Nilifurahi sana, na sikuuliza chochote.

Kwa miguu kuelekea Bunda

Jumatano hapakuwa na lori. Nikaanza safari kwa miguu, kisu kiunoni, viatu begani. Jua lilikuwa limepanda, na nilikuwa sijafika Nyamuswa, waliponisimamisha mgambo wawili wenye virungu.

"Ndugu, simama. Hicho kiunoni nini?"

"Kisu."

"Cha nini?"

Hapo ndipo maneno yalipokauka. Mkubwa wao alikuwa na ndevu zilizokatwa vibaya, akasogea karibu.

"Nakuuliza, kisu cha nini?"

"Cha kuchuna ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Sijui bado."

Wakatazamana. Sasa mimi mwenyewe nimelisikia jibu langu lilivyo, lakini siku ile niliona nimesema kweli tupu. Kumbe kuna watu walikuwa wameibiwa ng'ombe upande ule. Walinipeleka kijijini kwao, na kwa bahati walikuwa wanamchinja mbuzi kwa ajili ya wageni. Mwenye ndevu akasema, "Kama ni mchunaji kweli, huyu hapa."

Mbuzi alikuwa ameshaning'inizwa. Nikakunja mikono ya shati, nikatoa kisu, nikakishika kwa kushoto. Kidole gumba hakikupata mahali pa kukaa, nikadhani ni uoga. Nikapasua miguu, nikaanza kuteremsha ngozi. Kila nilipovuta, makali yaliacha nyama yakatafuta ngozi. Nililegeza mkono, yakazidi. Nilipomaliza, jasho lilikuwa linanitoka kama niliyekimbia.

Mwenye ndevu akaichukua ile ngozi, akainyanyua kwenye jua. Mwanga ukapenya mahali pengi.

"Njooni muone! Nyota zimetoka mchana!"

Walicheka mpaka mpishi akaacha jungu lake. Kisha mwenye ndevu akanipiga bega.

"Mwachieni aende. Huyu si mwizi. Mwizi wa ng'ombe anajuaga kuchuna."

Wakanipa ini la kuchoma nile njiani, na njia wakanionyesha. Walikuwa watu wazuri. Ila mimi nilitembea bila kuona njia. Ijumaa ilikuwa karibu, na ngozi ya ng'ombe ni kubwa kuliko ya mbuzi. Kichwani nilimwona mama anarudi nyumbani peke yake, na mimi niko sokoni na gunia mgongoni.

Nilikaa kwenye jiwe kando ya njia, nikaokota kijiti, nikakichonga kwa kushoto. Kisu kikazama ndani. Nikabadili, nikachonga kwa kulia. Kikateleza vizuri, magamba yakaruka. Nikakitazama ule upande ulionolewa na ule ulionyooka, nikatazama kijibonde cha kidole gumba. Ndipo nikaelewa. Kisu kilikuwa kizima. Kilitengenezwa kwa ajili ya mkono niliookotea.

Mbele kulikuwa na Bunda, na ningeweza kujidanganya kwamba ng'ombe atakuwa rahisi. Nyuma kulikuwa na mzee niliyepaswa kumwambia kwamba kazi yake ya siku nzima haifai, na kosa si lake. Mnanijua, hata fundi cherehani akinishonea suruali fupi naivaa. Nadhani kilichoniinua ni ile nyumba yenye udongo mbichi. Nikageuka.

Butiama mara ya pili

Mzee Wandiba alikuwa anakunywa uji nje. Aliniona kutoka mbali.

"Kimevunjika?"

"Hapana, mzee."

"Kimepotea?"

"Hapana."

"Basi umerudi kula. Mama Sabina! Mgeni wako asiyekula amerudi!"

Mama Sabina akatoka, mikono ina unga. "Na leo umeshiba, mwanangu?"

"Hapana, mama," nikasema. "Nina njaa sana. Hata juzi nilikuwa na njaa."

Alishika kiuno. "Sasa mbona ulisema umeshiba, nikawapa majirani wale furu?"

Kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka nikaona nitoe na lile lingine, kabla halijakwama.

"Mzee, mimi nafanya kazi kwa kushoto."

Akaweka kibuyu cha uji chini. "Nilikuwekea kisu kwenye jiwe. Uliokota kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima, mzee."

Nikangoja anifukuze. Halafu kifua chake kikaanza kutikisika, na nikaona anacheka, kicheko kisichotoka sauti, mpaka machozi yakamtoka.

"Mama Sabina, umesikia? Mimi miaka yote nawawekeaga watu kisu chini niuone mkono wao, ili ninoe upande wake. Kumbe wananionyesha adabu!"

"Si ndiyo maana yule jamaa alirudisha mundu?" Mama Sabina akasema.

"Yule alisema mundu umelogwa!"

"Alikuwa wa kushoto, baba Sabina. Mimi nilimwona akifunga mzigo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mtu kashasema umelogwa."

Mama Sabina akaingia jikoni. Alipotoka akaniita ghafla, "Daka!" na kitu kikaruka kuja usoni kwangu. Nikadaka. Kilikuwa kiazi kitamu cha moto, na kilikuwa kwenye mkono wa kushoto.

"Haya," akamwambia mumewe. "Kuanzia leo, wateja warushiwe kiazi."

Nilikula siku ile mpaka Mama Sabina mwenyewe akaacha kupakua.

Alhamisi nilivuta mivuba tena. Mzee alikitia kisu motoni, akakigonga, akahamisha mteremko wa makali kwenda upande wa pili. Sasa alinieleza, kwa kuwa nilimuuliza. Upande wenye mteremko ndio unaolala kwenye ngozi, na hapo makali yanainuka kuelekea nyama. Mkono ukibadilika, upande ulionyooka ndio unaolala kwenye ngozi, na makali yanazama humohumo. Kisu kilipungua upana, kikawa kidogo kuliko mwanzo, lakini kidole changu kilifika karibu na ncha vilevile. Kwenye mpini akachonga kijibonde kingine upande wa pili. Kile cha kwanza hakikuweza kufutika. Ala akaifumua, akaishona upya ikae kushoto.

Akakiweka juu ya jiwe. "Okota."

Nikaokota kwa kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kufanya hivyo mbele ya mzee, na masikio yaliniwaka moto. Yeye alikuwa anatazama kidole gumba tu.

Bunda hadi Guta

Mchana wa Alhamisi nilipata lori la pamba, nikalala juu ya marobota mpaka Bunda, na nilipoamka nilikuwa mweupe kama aliyemwagiwa unga. Mama mmoja muuza chai alinisalimu "Shikamoo, babu." Nikaitikia marahaba kabla sijafikiri. Kumbe alikuwa anatania, na watu wa kibandani kwake walicheka, nami nikacheka nao.

Ijumaa alfajiri nikatembea kwenda Guta, harufu ya ziwa ikizidi kadiri nilivyokaribia. Mama alinipokea mlangoni, akaniuliza kama nimekula, akanisukumia muhogo. Niliona ameshatandika mkeka wa pili, halafu akaukunja tena, akauegemeza ukutani.

Mzee Mafuru ni mrefu na haongei sana. Alikitazama kisu kilipokaa kiunoni kwangu.

"Kushoto?"

"Ndiyo, mzee. Nafanya kazi kwa kushoto."

"Haya."

Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa, amelazwa juu ya majani. Yule kijana mwingine alisimama pembeni na kisu chake, akisubiri. Wanawake walikuwa mbali kidogo na sufuria za kuchukulia nyama, mama kati yao, amenipa mgongo. Nikaanza. Mteremko ulilala kwenye ngozi, nikavuta, na makali yakaenda yalikotakiwa. Ngozi iliachia kwa ule mlio wake wa kuchanika polepole. Nilipita tumbo, nikapita mbavu, nikapunguza mwendo shingoni. Sikusikia watu tena.

Nilipomaliza, Mzee Mafuru aliita watu wawili wainyanyue ngozi juu, itandae kwenye jua. Akainama akaingia chini yake, akatazama juu. Alikaa humo. Mimi nilikuwa natazama miguu yake.

"Mama Masatu," akaita. "Njoo huku."

Mama akaweka sufuria chini, akaja, akaingia chini ya ngozi.

"Unaona nini?" Mzee Mafuru akamuuliza.

"Sioni kitu. Ni giza."

"Ndiyo hivyo. Ni giza tupu."

Yule kijana mwingine akafuta kisu chake, akanipa mkono. Mzee Mafuru akatoka, akaenda zake kuangalia nyama. Mama alibaki chini ya ile ngozi, na wale walioishika waliendelea kuishika mikono ikiwachoka, hawakumwambia atoke. Alipotoka alipita karibu nami, akaenda moja kwa moja nyumbani. Niliporudi jioni mkeka wa pili ulikuwa umetandikwa.

Kwa hiyo wenzangu, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sikupigana na mtu. Kisu ninacho hapa mezani ninapoandika, kimekatia kamba, kimepasulia sato, kimechonga hata mguu wa meza hii. Kile kijibonde cha kwanza, cha mkono wa kulia, hakina kazi kwangu. Mama ndiye anakitumia anapomenya muhogo. Analalamika kwamba kisu kinakwenda pembeni, kinamchezea. Nimemwambia nitamtafutia kisu kingine. Hataki.